Sura ya Mwisho ya Gedeon

Miaka yote ya ndoa yao Etelka hakuelewa vitabu vya mumewe, wala hakuona haya kusema hivyo. Gedeon aliandikia mkahawani kama waandishi wote wa Budapest, wahudumu wakimletea karatasi na wino pamoja na kahawa. Jioni alirudi na vipande hivyo mfukoni, Etelka akavipiga taipu. Humo mkate ulilia na ngazi zikaona wivu. Akiuliza maana, anaambiwa apige tu kama ilivyo.

Kisha kiharusi kikamwangusha Gedeon, imebaki sura moja kitabu kiishe. Mkono wa kulia ukafa, na maneno yakamvurugikia: akitaka mto anasema farasi, akitaka maji anasema Jumapili. Daktari alisema akili yake ni nzima, ila inakosa pa kutokea. Kila asubuhi alielekeza kidole kwenye taipureta, basi Etelka akaketi na kuandika kila kilichomtoka mdomoni.

Tatizo, hakuweza kutofautisha. Dirisha limemeza viatu vya mama: hayo ni maradhi, au ndiyo usanii wenyewe? Akisita, Gedeon anapiga meza. Akiandika, anapiga meza vilevile. Maskini ya Mungu, alilia huku akichapa, na sura ikaisha kwa sababu tu Gedeon alichoka.

Szilárd, mhariri wake na mwenzake wa mkahawani, alikuja akazisoma kurasa zile wima, bila hata kuvua koti. Machozi yalimlengalenga.

"Shemeji, huyu bwana hajapata kuandika hivi. Sisi wengine tukauze mboga."

"Muulize kwanza kama ndivyo alivyotaka."

"Tangu lini Gedeon akakujibu swali kama hilo?"

Hilo lilikuwa kweli.

Gedeon alitikisa kichwa. Akatikisa tena kwa nguvu, mkono wa kushoto ukizitafuta karatasi, jasho linamtoka. "Chumvi," alisema. "Chumvi, chumvi."

Szilárd akachomoa kalamu, akaliongeza neno hilo mwishoni, mara tatu, kisha akambusu rafiki yake kwenye paji la uso.

Etelka alitaka kumzuia. Lakini aseme nini, naye hajui? Akamfungulia mhariri mlango, kurasa zikiwa kwapani mwake, akaufunga nyuma yake, na mumewe akaendelea kuuambia mlango ule neno lilelile mpaka sauti ikamkauka.