Kiti cha Inchi Ishirini na Sita

Mmenisumbua. Mara tatu nimesema mimi si mtu wa kalamu. Ninachosoma siku hizi ni jina langu tu kwenye kadi ya kliniki, na hata hilo nalisoma nikiwa nimeisogeza kadi mpaka puani. Lakini kila anayepita hapa kwangu, jirani na Fundi, ananiuliza, "Bibi, hebu tueleze, ilikuwaje Fundi akarudisha gari zuri vile akachukua lile la kijivu?" Kana kwamba alirogwa. Haya, naandika, mara moja tu, na atakayenikatiza karatasi naichana.

Fundi ni mshonaji. Amekaa kwenye cherehani ile ile, dirisha lile lile linalotazama barabara, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Sare za shule za nusu ya mtaa huu zimepita chini ya sindano yake. Futikamba yake ya njano inaning'inia shingoni kutwa kucha, hata msibani amewahi kwenda nayo akakumbushwa aivue. Na ana daftari gumu, jalada jekundu, ambamo vipimo vya kila mteja vimeandikwa: bega, kifua, kiuno, paja, urefu wa ndani wa mguu. Ukurasa wa kwanza kabisa ni wa mumewe.

Mumewe tunamwita Mwalimu, ingawa chaki hakuwahi kuishika. Alifundisha watu kuendesha gari. Gari lake la kufundishia lilikuwa dogo, la chini, rangi ya maziwa yaliyolala, na upande wa abiria lilikuwa na breki ya pili, ya mwalimu, ili mwanafunzi akipumbaa yeye aizuie balaa. Wanafunzi waliliita Kobe. Kobe alizeeka pamoja na mwenyewe. Milango yake ilifungwa kwa ugomvi, radieta ilikunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, lakini breki zile mbili hazikumsaliti mtu hata siku moja.

Mwaka juzi Mwalimu akapigwa na kiharusi. Mkono wa kushoto ukaanguka, mguu wa kushoto ukawa wa kuburuta. Tangu hapo Fundi akashika usukani, Mwalimu akabaki kiti kile kile cha abiria alichokikalia maisha yake yote ya kazi, na mguu wake wa kulia, ule mzima, akauweka pale pale ulipozoea, juu ya breki ya pili. Fundi akiikaribia kona kwa kasi, gari linapunguza mwendo lenyewe.

"Mwalimu, nani anaendesha hapa?"

"Unaendesha wewe. Mimi nasimamisha."

Ndivyo walivyokwenda kliniki ya mazoezi ya viungo kila Jumatatu na Alhamisi, mtu na mkewe, kila mmoja na breki yake.

Tatizo lilikuwa kiti. Kobe alikuwa wa chini mno. Kuingia, Mwalimu alijiachia tu akadondoka kitini. Kutoka ndiko kulikokuwa na kazi, maana mguu mmoja hauwezi kumtoa mtu mzima kwenye shimo. Fundi mwenyewe ni mwembamba kama uzi wake. Basi kila wakirudi, akawa anaitwa muuza nyama wa ng'ambo ya barabara, mwanamume wa mabega mapana, aje na aproni yake, amtie Mwalimu mikono kwapani na kumnyanyua. Muuza nyama ana roho nzuri, ila mdomo wake hauna mlango.

"Shikilia hapo, Mwalimu. Leo umeongeza kilo mbili, nisije nikakutundika dukani kwa bahati mbaya."

Watu kibarazani wanacheka. Mwalimu naye alicheka nao. Lakini Alhamisi moja akakataa kuvaa viatu.

"Siendi."

"Unasubiriwa kliniki."

"Nimechoka kubebwa kama paja la ng'ombe. Nusu ya wanaopita barabara hii ni mimi niliyewafundisha kukanyaga klachi. Wananitazama."

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Yule binti wa kliniki anayemfanyisha mazoezi akapiga simu, akasema bila kuzunguka. "Mama, goti lile likikosa mazoezi mwezi mzima litakaza. Likishakaza, hasimami tena. Mlete kwa njia yoyote."

Fundi akaiweka simu juu ya vitambaa. Kumlazimisha Mwalimu hakuwezekani. Angekuwa anazungumza na ukuta. Akakata shauri. Kobe atastaafu, litafutwe gari la juu, ambalo Mwalimu ataingia na kutoka mwenyewe bila kushikwa na mtu. Akiweza hilo, kliniki atakwenda. Asipoweza, ndio basi.

Mwenye yadi ya magari alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu zamani, jitu refu lililofeli mtihani wa barabarani mara tatu. Alimzungusha Fundi katikati ya magari ya juu, yamepangwa yameoshwa, akimsomea injini, unywaji wa mafuta, kamera ya nyuma, taa zinazojiwasha zenyewe. Alipogeuka, akamkuta Fundi amepiga magoti kwenye kokoto, futikamba mkononi, anapima kutoka ardhini hadi kitini.

"Mama, watu huanza na injini."

"Injini utanieleza wewe. Mimi natafuta kiti."

"Mwalimu ana mguu wa inchi ngapi?"

"Urefu wa ndani, thelathini na mbili."

"Hufungui hata daftari?"

"Nimemshonea suruali miaka thelathini na minne, nifungue daftari la nini?"

"Umempima karibuni?"

"Na wewe umekuwa fundi lini?"

Jitu likampisha apime.

Hesabu ya Fundi ilikuwa safi, ya mtu anayejua mwili wa binadamu. Kiti kikiwa chini kidogo tu ya nyonga, mtu haketi wala hainuki. Anaegemea nyuma, ameshaingia. Anatelezesha miguu, ameshatoka. Kulikuwa na gari la kijivu, la wastani, si dogo si kubwa, kiti chake inchi ishirini na sita. Akalipita. "Hili la mtu mfupi," akasema. Pembeni yake lilisimama jeusi, refu, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Kiti, inchi thelathini. Hapo akasimama. Wala sitamfichia, lilimkaa moyoni pia kwa sababu nyingine. Alitaka barabara nzima imwone Mwalimu akishuka kwenye kitu kile, wenye vicheko vyao vya kibarazani wavimeze.

"Nenda nalo leo, mjaribu," jitu likasema. "Likimkataa, lirudi kesho. Yeye alinivumilia mara nne, mimi nitashindwa mara mbili?"

Akaliendesha taratibu mpaka nyumbani, akaliegesha mbele ya dirisha. Akamvisha Mwalimu suruali mpya aliyoishona wiki ile, akamtoa nje na fimbo yake. Muuza nyama akatoka dukani anapangusa mikono. Mwenye duka la simu akatoka. Mwalimu akalizunguka gari jeusi kwa macho, kisha akachungulia chini, upande wa abiria.

"Breki yangu iko wapi?"

"Halina. Magari ya watu hayana breki mbili."

Akageuka, akakipa kiti mgongo kama alivyofundishwa kliniki, akaweka mkono wa kulia kwenye mlango, akarudi nyuma. Makalio yakakutana na ukingo wa mlango. Kiti kilikuwa bado kiko juu. Akajisukuma kwa mguu wa kulia. Kisigino kikanyanyuka, akabaki kwenye vidole. Alipokishusha, akakanyaga pindo la suruali yake mwenyewe. Mguu ukateleza, na Mwalimu akashuka taratibu, mgongo ukiburuza ubavu wa gari linalong'aa, mpaka akakaa chini barabarani.

Muuza nyama alivuka mbio. Akamnyanyua. Safari hii hakutania, na kule kutotania ndiko kulikomaliza kila kitu.

Ndani ya nyumba Mwalimu alisema maneno mawili matatu tu. "Kesho ulirudishe. Na mimi usinipeleke tena mahali."

Fundi akaenda kukaa kwenye cherehani bila kuizungusha. Alikuwa ameibeba ile suruali aifute vumbi, na macho yake yakawa kwenye pindo. Alama ya kiatu ilikuwa pale, imekanyaga kitambaa cha inchi nzima na zaidi. Fundi haachi inchi nzima ikiburura chini. Si kwa mtoto wa mtu, seuze kwa mumewe.

Akaliendea kabati. Akatoa suruali zote alizomshonea tangu ugonjwa, moja baada ya nyingine, akazitandaza kitandani. Kila moja ilikuwa imekunjwa kwa ndani, ovyo ovyo, kwa mkunjo wa mtu mwenye mkono mmoja, na kubanwa kwa pini. Na yeye alikuwa ameziona. Alikuwa ameziona na akamtania, "Mwalimu, unakunja suruali kama mtu anayevuka matope," Mwalimu akacheka, mambo yakaishia hapo. Watoto wa mtaa huwapima kila mwanzo wa mwaka, kwa sababu watoto hubadilika. Huyu mmoja alikuwa anamkatia suruali kwa ukurasa wa kwanza, ulioandikwa kwa wino ambao siku hizi umekuwa wa kahawia. Wala si kusahau. Fundi aliniambia mwenyewe, akiangalia pembeni: namba mpya alikuwa anaiogopa. Maadamu hajaiandika, ile ya zamani inasimama, na mwenye nayo anasimama pia.

Jua lilikuwa bado liko dirishani alipoingia sebuleni na daftari.

"Mwalimu, simama."

"Kuna nini?"

"Nakupima."

"Si unanijua."

"Sikujui," akasema Fundi. "Simama."

Mwalimu akaishika meza, akasimama. Fundi akapiga magoti mbele yake. Goti la kushoto lilikuwa halinyooki. Mgongo uliinama ukaivuta nyonga chini pamoja nao. Akaushika mwanzo wa futikamba juu, akaiteremsha mpaka sakafuni, akasoma. Akapima tena.

"Ngapi?" Mwalimu akauliza kutoka juu.

"Ishirini na nane na nusu."

"Nilikuwa najua imepungua. Sikujua ni kiasi hicho."

"Sasa kwa nini hukusema, baba wewe? Miaka miwili unajibana na pini."

"Ulikuwa unafurahi ukizikata," Mwalimu akasema. "Ulikuwa unaimba."

Fundi alibaki chini pale, paji la uso limegusa goti lile bovu, na Mwalimu akamwekea mkono kichwani. Hapo hapana zaidi la kuandika. Yalikuwa yao.

Akainuka, akageuza ukurasa, akaandika namba mpya zote. Kisha kazi ikaanza. Kochi la sebuleni, inchi kumi na sita; Mwalimu akaketi, hakuinuka. Kitanda, ishirini na mbili. Akainuka kwa kusaga meno. Stuli ya cherehani ilikuwa ishirini na nne, na hapo akainuka kwa kujaribu mara mbili. Fundi akaongeza sare za shule zilizokunjwa, moja juu ya nyingine, kama anayempandishia mtoto kiti mezani. Mikono aliifunga nyuma kwa nguvu, maana ilikuwa inataka kumshika kila alipoyumba. Ishirini na sita. Mwalimu akarudi nyuma, akakaa. Akaegemea mbele, akasimama. Bila meza, bila mtu.

"Rudia," Fundi akasema.

"Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia watu warudie."

"Na mimi nakwambia. Rudia."

Akarudia mara tano.

Kesho yake gari jeusi likarudi yadi, likatoka la kijivu. Jitu refu halikuuliza neno, na ukiniuliza mimi, hapo ndipo lilipofaulu mtihani wake. Nanyi mnaosema Fundi aliogopa kuendesha gari kubwa, sasa mnajua.

Jumatatu asubuhi Mwalimu alitoka na suruali iliyofika juu ya kiatu, pale pale inapotakiwa. Muuza nyama alikuwa mlangoni kwake. Fundi akamnyooshea kidole kimoja tu, naye akabaki huko huko. Mwalimu akakipa kiti mgongo. Akashika mlango. Akarudi nyuma, akaketi. Akaingiza mguu wa kulia, kisha akaunyanyua wa kushoto kwa kushika suruali, akauingiza nao. Akafunga mlango mwenyewe. Gari jipya halifungwi kwa ugomvi. Lilisema tap, basi.

Wakaenda. Walipokaribia kona ya kwanza, Fundi alikuwa na kasi yake ile ile. Kwa pembeni akaliona goti la kulia la Mwalimu likinyooka, mguu ukibonyeza sakafu tupu, pale ambapo breki haipo. Akashusha mguu wake kwenye breki, akapunguza.

Kona ya pili, goti likanyooka. Akapunguza.

Mpaka leo anaendesha hivyo, jicho moja barabarani, jicho moja kwenye goti lile. Mwalimu amefika mazoezini kila wiki. Goti la kushoto halijakaza. Halijanyooka pia, nisitie chumvi.

Nimemaliza, na mkono unaniuma. Sasa zamu yako. Inuka ulipo, tafuta futikamba, nenda kwa mzee wako, mume au mama au yeyote unayesema unamjua. Mpe kiti, akae, ainuke, nawe funga mikono yako nyuma. Kiti anachoinukia bila kushikwa, kipime, uniandikie namba kwenye karatasi uniletee. Usije mikono mitupu ukaniambia unaikumbuka.