Sinki la Kaka, Maji ya Baba

Soko huria lilipofunguliwa, kaka yangu alianza kumnunulia korosho tajiri mmoja wa Masasi, na kitu cha kwanza alichotuletea Newala hakikuwa unga wala nguo. Alileta sinki refu la kuogea, lile la kulala ndani, lililong'olewa kwenye nyumba waliyohama Wazungu. Tukaliweka uani, nyuma ya uzio wa nyasi. Bomba hatukuwa nalo. Tulichota kwenye kisima cha mvua, na kikikauka tulishuka bondeni na ndoo. Majirani walikuja kutazama, wakacheka. Nami nilicheka, kisha nikakasirika, maana wa kulijaza nilikuwa mimi.

Ndoa yangu kule kijiji cha Chilangala ilikuwa imevunjika na mama alikwisha kufa, hivyo kumtunza baba kulikuwa juu yangu. Baba alikuwa na kisukari. Nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi. Siku moja alitoka msikitini hadi nyumbani na msumari umepenya kandambili, asijue. Nesi wa zahanati alituonya kwamba miguu ya namna hiyo haiujui moto. Maji yake apime mtu mwingine, kwa kiwiko, kabla hajaingia. Tukaitikia vizuri. Tulipofika nje baba akacheka.

"Kiwiko chako ndani ya maji yangu?"

Kwetu mtoto hatumbukizi mkono kwenye maji ya kuoga ya mzazi. Unayaweka, unasema, "Baba, maji tayari," unaondoka. Nesi alikuwa mtu wa kuja, angeyajulia wapi hayo.

Alasiri moja ya Julai, upepo wa baridi ukivuma, baba alijifunga msuli, akaketi ukingoni mwa sinki na kutumbukiza miguu. Nilimwaga sufuria la kwanza la maji ya moto, nikachanganya na maji baridi kidogo tu, kwa sababu mvua za mwaka ule zilikuwa haba.

"Mbona maji ya kunywesha kuku haya? Ongeza."

Nikaongeza.

"Ongeza, mwanangu."

Mvuke ulinipiga usoni. Niliuona. Nimepika tangu nina miaka saba, maji yaliyotoka kuchemka nayajua. Lakini nilikuwa nimechoka, tena nilikuwa na hasira na lile sinki, na kaka, na kila anayejua kuagiza tu. Nikamwaga sufuria la tatu lote, nikaenda kusonga ugali.

Aliponiita nikamkuta ametoa miguu. Ngozi ilikuwa imebaki majini. Hakulia, alikuwa akiitazama tu, kama miguu ya mtu mwingine.

Kidonda cha mguu wa kulia hakikupona. Hospitali waliukata chini ya goti. Daktari alipouliza nani aliweka yale maji, baba alinitangulia kujibu, "Mimi mwenyewe." Nikatazama sakafu. Nilingoja uchungu unijie, haukuja. Nilihesabu vitanda vya wodi, nikafika kumi na viwili, nikaanza upya.

Kaka alifika siku ya tatu baada ya mguu kukatwa, na viatu vipya. Hata shikamoo hakutoa. Alisimama miguuni pa kitanda, akamfokea baba, wagonjwa wote wakisikia.

"Baba, mtu mzima una akili gani? Unajimwagia maji ya moto, umekuwa mtoto?"

Huyu ndiye mzee aliyetuchapa kwa kumkatiza maneno tu. Sasa aliinamisha kichwa mbele ya mwanawe.

"Nimekosa, mwanangu. Sitarudia tena."

Nilikuwa nimesimama kati yao na chupa ya uji. Palikuwa na nafasi ya kusema kwamba ni mimi, tena ndefu, kaka akihema. Nikafungua chupa, nikajaza kikombe, nikampa baba. Alikipokea kwa mikono miwili, akaniambia ahsante.