Chaki ya Namba Tatu

Juzi pale Mjimwema nilimwona fundi akijaribu mashine yake mpya ya kuchomelea kwenye kipande cha bati bovu, nikainamisha uso kana kwamba ananijua.

Nikiwa bado mtoto, baba naye alijaribu hivyo hivyo kwenye gereji ya Makambako, asubuhi nzima, mashine ikinguruma, harufu ya rangi iliyoungua ikinikaba kooni. Mwishowe aliweka alama ya chaki kwenye namba tatu ya swichi ya moto, akaenda kunawa ale viazi nilivyomletea. Nilimwonea aibu. Darasani kwetu tatu alipata mjinga; kumi ndiyo iliyopigiwa makofi. Nikaifuta ile chaki kwa vidole, nikazungusha swichi hadi kumi.

Sikujua kwamba bati jembamba hutaka moto mdogo. Baba alipogusa tu mlango wa lori la samaki wa Manda, ukatoboka tundu la kupita ngumi.

“Si ulisema umeshaijua hii mashine?” mwenye lori aliuliza.

“Nimekosea, bwana,” baba alijibu.

Mimi nilificha vidole mgongoni. Baba alirudisha swichi kwenye tatu, akanishika mkono, akanifuta chaki kwa kitambaa chake, kidole kimoja kimoja, kabla mwenye lori hajaiona.