Ngazi Ambayo Haikutembewa

Kila fundi ana kipimo chake. Cha Okeny kilikuwa mkewe, Abalo.

Kwanza alichomelea vyuma karakana ya polisi, na alipostaafu akafungua banda lake Kansanga. Ngazi zote alizotengeneza kwa miaka thelathini, Abalo ndiye aliyezitembea kabla hazijakabidhiwa. Alikuja na beseni la maji kichwani, akapanda, akashuka. Okeny hakuangalia maji. Aliangalia macho ya mkewe. Yakitazama mbele, ngazi ni nzima. Yakishuka kutafuta pa kuweka mguu, basi Okeny anabomoa, anaanza upya. Shule hakuingia. Kipimo hicho ndicho alichokijua.

Abalo alifariki hospitali ya Mulago, baada ya kulazwa siku tisa. Wakamzika kaskazini, kwao Okeny. Okeny akarudi chumbani kwake Nsambya, akaketi. Watu walikuja, wakatoa pole, wakaenda. Chakula alikula akiletewa. Asipoletewa, hakula.

Wiki ya tatu akaitwa kwenye kiwanda cha sabuni. Walitaka ngazi mbili za chuma, moja ya ghala, nyingine ya kupandia kwenye tangi la kuchemshia. Msimamizi wa hapo, Cleopas, alikuwa ameshanunua chuma cha vidato: bati nene lenye vipele, jipya, linang'aa. Okeny hakuuliza. Siku ya nne akamaliza ngazi ya ghala, akatia dole gumba kwenye karatasi kwamba ni salama, akaenda zake. Ngazi haikutembewa. Wa kuitembea hakuwepo, na yeye hakutafuta mwingine.

Haikupita wiki, Ajok, mama anayebeba ndoo za mafuta, akateleza juu kabisa. Akashuka kwa mgongo hadi chini. Nyonga ikavunjika.

Okeny alipoambiwa alisema, "Sawa." Akajipapasa moyoni kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Hakukuta kitu.

Ikabaki ngazi ya tangi. Vijana wa Cleopas walishafunga vidato vya bati lilelile kwa bolti. Lilikuwa linangojewa dole la mzee tu, watu waanze kupanda. Safari hii aliyemwita ni Nabilah, binti wa Kinubi anayesimamia usalama wa wafanyakazi. Alitaka mzee aseme mwenyewe kama vidato vile vinafaa.

Cleopas akawahi kusema. Bati lipo, vipele vinashika buti, na yule mama alivaa sapatu za mpira, kwa hiyo kosa ni la sapatu. Tangi limekaa bure siku sita.

"Weka dole, mzee wangu," akasema. "Ngazi si bibi harusi, hata tuizunguke kutwa nzima."

Vijana wakacheka. Okeny akaitazama karatasi. Dole ni jambo dogo. Angeweza kulitia akarudi kuketi. Hakuna kilichomzuia isipokuwa mkono wenyewe, haukuinuka.

Akaomba ndoo ya sabuni, ileile iliyobaki tangini. Akapanda, akaimwaga kidato kwa kidato. Akaomba beseni la maji. Nabilah akasema atatembea yeye. Okeny akatikisa kichwa. Akalitwika beseni mwenyewe.

"Mzee afande ameolewa leo," kijana mmoja akasema, na wenzake wakashika mbavu.

Kupanda hakukuwa na neno. Juu akageuka. Kidato cha kwanza tu, macho yakashuka yenyewe kwenye miguu. Miaka thelathini aliyaona macho hayo usoni mwa mtu mwingine, wala hakujua kwamba mwili unakuwa umeshaogopa kabla ya mtu mwenyewe. Kidato cha pili sabuni ilikuwa imejaa katikati ya vipele, imevifunika kama uji. Kisigino kikateleza. Akadaka reli ya ngazi kwa mikono miwili. Beseni likaenda chini na maji yake, likamlowesha Cleopas hadi magotini.

Hakuna aliyecheka.

Okeny akashuka polepole, ameshikilia. Alipofika chini akamwambia Nabilah, "Andika kosa ni langu. Si la sapatu."

"Na hii ya tangi, mzee?"

"Vidato ving'olewe. Weka wavu wa chuma wenye meno. Mafuta yanapita, meno yanabaki juu."

Cleopas akapinga, na hapo alikuwa na haki: wavu una matundu, sabuni ya moto itawadondokea wanaopita chini. Okeny akafikiri. Akasema bati si la kutupwa, lifungwe chini ya ngazi kama paa, liinamie upande wa mfereji. Na ukingo wa mbele wa kila kidato upakwe rangi ya njano, aliyebeba mzigo auone kwa pembe ya jicho.

Nabilah akaandika yote. Cleopas akaenda kukamua suruali.

Okeny hakungoja wavu ununuliwe. Alikwenda ghalani na msumeno, akakata vidato vyake mwenyewe kimoja kimoja, mpaka ikabaki mihimili miwili ya chuma iliyosimama, hakuna awezaye kuipanda.

Jioni akapita hospitali ya Nsambya. Ajok alikuwa amelala chali, mguu umefungwa. Okeny akajitaja jina, akasema ile ngazi ni yake, na kwamba hakuijaribu.

"Kwa nini, baba?"

"Nilikuwa nimefiwa."

Ajok akautazama mguu wake. Okeny alidhani atamfukuza, akawa tayari kuondoka.

"Huo mto umetoka chini ya goti," Ajok akasema. "Nirudishie."

Akaurudisha. Ajok akasema hapana, juu kidogo. Okeny akausogeza tena, akaushika hapo kwa mkono mpaka alipoambiwa umekaa.