Ua la Maghrib la Murtadha

Fakhria binti Nasor alifundisha biolojia katika sekondari za hapa Tabora mpaka akastaafu, na sijapata kumsikia akiliita ua kwa jina lisilo lake. Nilifundisha naye, mimi jiografia, kwa hiyo najua ninachosema. Wanafunzi wakimletea maua ya porini ili wamfurahishe, yeye alikuwa anayageuza chini juu kwanza. "Rangi inamdanganya kila mtu," alisema. "Niambieni limeota wapi, linafunguka saa ngapi, na chini yake kuna nini." Alikuwa anachosha kweli, na uzee haujamponya.

Tunakaa mtaa mmoja, Cheyo. Yeye anaishi na mama yake, Bi Jihan, ambaye miguu imekwisha na macho yanakwenda, lakini ulimi uko vilevile. Fakhria humwogesha, humlisha, humgeuza kitandani. Ukimuuliza hali atakwambia, "Namshukuru Mungu, nimechoka," na vyote viwili ni kweli.

Kazi iliyomchosha kuliko zote ilikuwa ya mara moja kwa mwaka. Zamani, kabla Fakhria hajazaliwa, wazazi wake walihamisha duka kutoka Urambo kuja mjini. Lori likazama kwenye tope kando ya mbuga inayotuama maji wakati wa mvua, pale njia ya zamani ya misafara inapoachana na barabara. Mtoto wao wa kwanza, Murtadha, alikuwa na homa. Akafia pale pale, na akazikwa siku hiyo hiyo kama dini inavyotaka. Kwenye mizigo Bi Jihan alikuwa na mche wa ua la njano ndani ya kopo, kapewa na masista wa misheni. Akaupanda kichwani pa kaburi. Alikuwa akisimulia kwamba ua lile lilikuwa likilala mchana na kuamka maghrib, na ukikaa kimya unaliona likijifungua lenyewe huku linanukia.

Basi kila mwaka mvua zikikatika, Fakhria alimpeleka mama yake mbugani. Walitoka alfajiri ili wawahi kurudi kabla ya jua kali. Maua ya njano yalikuwepo, ya petali nne, kama alivyosimulia. Bi Jihan alimwaga maji, akasoma Fatiha, akakaa. Fakhria hakuwahi kuyachunguza maua yale. Mkono mmoja alishika birika na mwingine kwapa la mama yake, na mawazo yake yote yalikuwa asije akaanguka.

Mwaka huu Bi Jihan alisema hawezi tena safari, ila anataka kaburi liwekewe alama kabla na yeye hajafa, mtoto asije akapotea kabisa. Fakhria akafyatua kibao cha saruji, akaandika kwa msumari kabla hakijakauka: HAPA AMELALA MURTADHA. Tukakodi guta la Alois, pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, tukaondoka watatu na kibao chetu, yeye akiendesha. Njiani tukapata pancha mbili. Tulifika jua limeshainama, mgongo wangu hausemeki, na Alois akabaki barabarani akiziba tairi na kuilaani.

Mbuga ilikuwa kavu na wazi, nyasi zimelala, maua yako palepale. Yalikuwa yamefunguka. Mimi sikuona ajabu. Fakhria alisimama.

"Mwalimu Josepha," akaniambia, "mbona yako wazi na jua lingali juu?"

"Nitajuaje? Mwalimu wa maua ni wewe."

Tukakaa chini tukangoja. Maghrib ikaingia. Hakuna ua hata moja lililoamka. Petali zilianza kudondoka, moja moja, mpaka ardhi ikawa ya njano. Fakhria akachuma tunda, akaligeuza karibu na macho, akanionyesha: juu yake vijani vinne vidogo, vile vinavyolifunika ua likiwa tumba, vilikuwa bado vimeshikilia. "Ua la masista huvidondosha hivi," akasema. "Haya hubaki navyo. Ni ndugu zake, ila haya ni ya hapa, ya mbuga. Huota yenyewe popote maji yanapotuama. Yalikuwepo kabla ya misafara."

Akazunguka akitafuta, kushoto, kulia, mpaka giza likaanza kushika. Hapakuwa na ua jingine. Hapakuwa na tuta wala jiwe. Miaka yote mama na mtoto walikuwa wameliombea dimbwi.

Kibao kikarudi Cheyo, akakiegemeza ukutani uani. Nilimsihi anyamaze. Mama ni mzee, nikamwambia, mwache afe na kaburi lake. Akanitazama kwa macho mekundu. "Nimewafelisha watoto wa watu kwa kuliita ua jina lisilo lake, Josepha. Leo nimwambie nini mama?"

Asubuhi nikaenda kuwaangalia. Bi Jihan alikuwa barazani juu ya mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio amenuna tangu jana. Kibao mmekirudisha kwa nini?"

Fakhria akapiga magoti mbele yake, akamweleza yote: jua, petali, vijani vinne. Bi Jihan alisikiliza mpaka mwisho.

"Ua langu lilikufa kiangazi kile cha kwanza," akasema. "Moto ulipita. Nilirudi na baba yako hakuna kitu, jivu na nyasi changa. Baba yako marehemu alikuwa analia, wazee wamekuja kusoma, wote wananitazama mimi niwaonyeshe. Nikaona vile viua. Nilijua sivyo, havina harufu. Nikasema, ni hapa."

"Ulijua?" Fakhria alisimama. Sijawahi kumwona vile. "Miaka yote hii, mama? Nimekubeba mgongoni kwenye tope! Nimekubebea maji!"

"Na mimi ningeyamwaga wapi?" Bi Jihan alijibu kwa ukali, kisha ukali ukamwishia. "Mtoto wangu yuko kule mahali, sipajui. Ningekaa wapi, Fakhria?"

Fakhria aliingia ndani, akatoka na tindo na nyundo. Akalaza kibao chini, akaanza kugonga. Alifuta HAPA. Akafuta AMELALA. Saruji ilikuwa ngumu na ilimchukua muda mrefu, wala hakutaka nimsaidie. Likabaki jina peke yake.

Kisha akajaza birika, akamwekea mama yake mkononi, akakisogeza kibao mpaka kwenye ukingo wa baraza. Bi Jihan alipapasa herufi kwa vidole, akamwaga maji juu ya jina, akaanza kusoma Fatiha.

Hapakuwa na kwapa la kushika. Fakhria alikaa chini kando ya mama yake, mikono mitupu, akalia.