Jeconia na Kalamu Tatu za Mashine ya Uongo

Saa moja na nusu asubuhi, Jeconia Odhiambo anamfunga mchuma kahawa kitambaa cha presha mkononi, anakijaza upepo na kusikiliza. Nje ya zahanati ya shamba hili la Ruiru, watu kumi na wanane wanangoja zamu.

"Leo si wengi," anasema. "Wakati wa mvua wanafika sitini."

Jeconia, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, ni dresa, msaidizi wa tabibu anayefunga vidonda na kutoa dawa. Lakini hapa shambani anajulikana zaidi kwa jambo lililotokea Machi mwaka jana, 1956.

Saa ya mkononi ya meneja ilipotea. Lawama zikamwangukia Ndinda, mjane anayefagia ofisi. Kama angefukuzwa, angepoteza pia chumba anacholala na wanawe watatu. Meneja alimwita mgeni mmoja mwenye mashine ya kupima uongo, na Jeconia akaambiwa asaidie.

"Mpira wa kifuani ulipima pumzi," anaeleza. "Kitambaa cha mkononi kilipima presha na mapigo ya moyo. Vibati vya vidoleni vilipima jasho. Kalamu tatu zikawa zinachora yote hayo kwenye karatasi."

Ndinda alipoulizwa kuhusu saa, kalamu ziliruka. Mgeni akasema amedanganya.

Jeconia alikuwa akiitazama karatasi tangu mwanzo. "Nikamwambia, 'Bwana, ziliruka hivyo hivyo alipotaja jina lake. Hapo pia alidanganya?'"

Ndinda analikumbuka swali hilo. "Nilijua daktari amejiponza kwa ajili yangu," anasema, kwani ndivyo wafanyakazi wanavyomwita Jeconia. "Mimi nilikuwa natetemeka tu. Sikuwa nimewahi kufungwa waya mwilini."

Mgeni hakukasirika. Alimfungua Ndinda waya, akaagiza apewe chai, akamwacha apumzike kwa muda mrefu. Aliporudia maswali yale yale, mistari ilitulia. Akamwambia meneja kwamba mashine huona moyo ukienda mbio, lakini haijui sababu.

Siku ya tatu saa ilipatikana kwa fundi mjini Thika. Mke wa meneja alikuwa ameipeleka itengenezwe, akasahau kusema. Meneja alimwomba Ndinda radhi mbele ya wafanyakazi wote, na mama huyo bado yuko kazini.

Januari ijayo Jeconia anakwenda kusomea utabibu kwa miaka mitatu. Akirudi, anataka kufungua zahanati ndogo huko Gitothua, hapa hapa Ruiru. Ramani ameshaichora nyuma ya kalenda: chumba kimoja cha matibabu na baraza pana lenye mabenchi.

"Baraza lazima liwe kubwa kuliko chumba," anasema. "Mtu afike, akae, apumue. Ndipo nimshike mkono kumpima."