Shangazi Waya na Mashine Iliyojifunza Kusimama

Saa tatu asubuhi, anayeingia katika karakana hii huanza kwa kuona miguu. Ni miguu miwili iliyovaa raba za kahawia, imechomoza chini ya meza kubwa ya mbao. Kando yake kuna testa, koleo la kukatia waya na kikombe cha chai kilichofunikwa kisahani ili vumbi la mbao lisiingie.

"Simama hapo hapo! Usinikanyagie waya," sauti inaamrisha kutoka mvunguni. "Ukiukanyaga, utakuja kuufunga wewe."

Mwenye miguu na sauti ni fundi umeme wa majumbani ambaye mtaa mzima humwita Shangazi Waya. Watoto wa kaka yake ndio walioanza na hilo la shangazi, majirani wakaongeza la waya, na siku hizi hata wateja wenye mvi humwita hivyo bila kuona haya. Mwenyewe analipenda. Anasema jina la kwenye kitambulisho amelihifadhi kwa siku za kwenda benki.

Anatambaa kutoka chini ya meza, vumbi limemjaa kwenye nyusi, akiwa na uso wa mtu aliyemaliza jambo lake. Juu ya meza ipo mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta. Haikutoka kiwandani. Reli zake alizitoa kwenye mashine kuukuu ya kuchapishia, meza yenyewe ni benchi la marehemu baba yake, na lile daraja linalopita juu ya ubao, likiwa limebeba mota yenye kisu cha kuchongea, amelikata kwa mikono yake. Ukutani kuna boksi la bati lenye nyaya za kila rangi. Kompyuta hutoa mchoro, boksi huzigawia mota amri, na daraja hutembea.

"Kwenda linajua," anasema, akilipiga kofi la upole. "Tangu siku ya kwanza lilijua kwenda. Kusimama ndiko kulikotutoa jasho."

Kazi inayokamilika leo ndiyo hiyo ya kusimama. Kila mwisho wa reli Shangazi Waya amefunga swichi ndogo, haizidi ukucha wa kidole gumba, yenye ulimi mwembamba wa bati. Daraja likifika mwisho wa safari yake huugusa ulimi huo, na boksi likajua kuwa njia imeisha. Bila swichi hizo mashine haina macho. Itaendelea kusukuma mpaka kitu kivunjike.

Na kitu kilivunjika, mwaka huu huu, mbele ya mtu ambaye mashine iliundwa kwa ajili yake.

Mtu huyo ni kaka yake mkubwa, seremala anayejulikana kwa jina la Fundi Randa. Karakana ni yake, aliirithi kwa baba yao. Kwa miaka mingi alichonga maua na mitambaazi kwenye vichwa vya vitanda na milango ya makabati, na wapo wateja wanaoapa kuwa wanaweza kuitambua kazi yake gizani kwa kuipapasa tu. Miaka mitatu iliyopita alipata kiharusi. Alipona akatembea, akaongea, akarudia hata utani wake, lakini mkono wa kulia ukagoma.

"Mkono upo, unauona," anasema Shangazi Waya. "Ila ukiupa patasi, unaiachia. Na mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa kwenye ule mkono, unadhani anakaaje?"

Jibu la swali hilo analo mke wa Fundi Randa, ambaye ni wifi yake Shangazi Waya na mtani wake wa kudumu. Anasema mumewe aliuhamishia ufundi nyumbani. Kila asubuhi hukaa sebuleni na kipande cha msasa katika mkono wa kushoto, akitafuta kingo za kulainisha.

"Viti vyangu vimekonda!" anasema, akicheka kwa namna ambayo si kicheko kitupu. "Akivipitia mara moja zaidi, wageni watakaa chini."

Katika kukaa huko sebuleni, Fundi Randa alijifundisha kuchora kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni maua yake yalipinda, kisha yakanyooka. Dada yake alipoyaona akapata wazo ambalo wengi walilicheka: kama kichwa bado kinachora, basi kitafutwe kitu kingine cha kushika kisu.

"Mimi nafunga nyumba nzima, chumba kwa chumba, taa zinawaka," anasema. "Nitashindwa na mkono mmoja? Sijisifu, naeleza tu."

Anajisifu, na ana haki. Alitumia zaidi ya mwaka kuiunda mashine hiyo, akijifunza kwa kuuliza, kutazama video na kuunguza mota kadhaa. Ilipokuwa tayari, Fundi Randa mwenyewe alichagua ubao wa kwanza. Ulikuwa ubao wa mninga ulioachwa na baba yao, uliokuwa umetunzwa miaka mingi ukisubiri kazi inayoustahili. Alitaka uwe kichwa cha kitanda cha binti yake wa kwanza, anayeanza nyumba yake.

Hapa Shangazi Waya anashusha sauti. Siku ile aliiwasha mashine, akaona inachonga vizuri, akatoka nje mara moja kufuata miwani yake. Mahali pa kuanzia alikuwa amepapima vibaya. Daraja likaenda kulia, likafika mwisho wa reli, likaendelea kusukuma. Mota zikanguruma. Kishikio kikavunjika, daraja likainama, na kisu kikazama kwenye ubao wa baba yao kikiburuta mfereji mrefu.

Fundi Randa alikuwa amesimama mbele ya mashine. Kitufe chekundu cha kuzimia kilikuwa kwenye boksi, upande wa kulia.

"Kulia!" anasema Shangazi Waya, akijipiga paji la uso. "Kila nyumba ninayofunga naweka swichi upande wa mkono wa kulia. Mkono umezoea, haukuniuliza. Namuundia mtu mashine kwa sababu mkono wake wa kulia haufanyi kazi, halafu kitufe cha kumwokoa nakiweka kulia! Nilimkuta amejipinda mwili mzima, anakitafuta kwa mkono wa kushoto."

Alikipata, lakini ubao ulikuwa umeshaharibika. Alijipangusa vumbi kwenye shati, akasema, "Asante, mdogo wangu. Inatosha," akaenda nyumbani. Hakutia mguu tena karakanani. Baada ya miezi michache akatafuta mnunuzi wa mabenchi, vifaa na chumba chenyewe, na mnunuzi anatarajiwa kurudi mwisho wa mwezi huu kwa neno la mwisho.

Shangazi Waya alimwomba jambo moja tu, aje mara moja aione mashine kabla hajauza. Kaka alikubali kwa sharti. Atakuja siku ambayo mashine itajua kusimama bila kumwita mtu.

Kumbe sharti hilo lilikuwa gumu kuliko lilivyosikika. Shangazi Waya alipofunga swichi kwa mara ya kwanza, alizifunga kama anavyofunga nyumba ya mteja anayemheshimu. Nyaya za swichi na nyaya za mota alizilaza pamoja kwenye bomba moja jembamba la plastiki, zikabanwa kwa vibano vilivyopangwa kwa rula.

"Ilikuwa nzuri, ningeweza kukuuzia tiketi uje uitazame."

Tatizo ni kwamba mota ya kukata ilipowashwa, mashine ilisimama. Ilisimama katikati ya meza, haijagusa chochote, ikidai imefika mwisho wa njia. Alibadilisha swichi. Alikaza kila skrubu. Aliligombeza boksi kama anavyogombezwa mtoto aliyemwaga maziwa. Mashine ikasimama tena.

Aliyemfumbua macho ni fundi simu wa mtaa wa pili. Alikuja, akalitazama lile bomba, akacheka mpaka akatafuta kiti. Akamweleza kuwa waya wa mota hupiga kelele na waya wa swichi hunong'ona. Ukizilaza kitanda kimoja, kelele huingia kwenye mnong'ono, na boksi likadhani swichi imeguswa. Katika nyumba za watu, kuzikusanya nyaya pamoja ndiyo alama ya fundi msafi. Hapa usafi huo ndio uliokuwa ukimponza.

"Nikachukua koleo nikakata vibano vyangu vyote, kimoja kimoja," anasema. "Nililia kidogo. Usiandike hilo." Anafikiri. "Haya, andika."

Sasa nyaya za swichi zina njia yao, mbali na za mota, na zimevishwa koti la nyuzi za shaba la kuzikinga na kelele. Zinapita upande wa pili wa meza, zikizunguka kona kwa namna ambayo zamani ingemtia aibu. Anazitazama akiwa ameshika kiuno.

"Utasema ni kazi ya mtu mvivu," anasema. "Lakini inasikia."

Saa tano kasoro, kivuli kinaingia mlangoni. Fundi Randa amevaa shati lililopigwa pasi, mkono wa kulia ameutia mfukoni. Mkewe yuko nyuma yake na chupa ya chai.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hodi karakanani kwako."

"Kwako," anajibu Shangazi Waya. "Mimi nimeshikilia tu."

"Nimemleta mzima," wifi anaingilia. "Mkimrudisha na msasa mpya mtanitambua."

Fundi Randa haketi. Anaizunguka mashine polepole, kama mtu anayemkagua ng'ombe kabla ya kununua. Anafika mbele ya boksi na kuona kitufe chekundu, kikubwa kuliko cha zamani, kimehamia kushoto kwenye usawa wa kiuno chake. Anakigusa kwa kidole gumba. Kisha anapitisha kidole hicho hicho kwenye ukingo wa daraja.

"Hapa hujapiga msasa."

"Nimekuachia."

Mashine inawashwa. Daraja linakwenda kulia mpaka mwisho, linaugusa ulimi wa bati, tik, linasimama. Linakwenda kushoto, tik, linasimama. Mbele na nyuma, vivyo hivyo. Wifi anapiga makofi. Fundi Randa amekunja uso.

"Na panya akikata waya?" anauliza. "Swichi itapeleka wapi habari?"

Shangazi Waya anacheka kwa sauti. Ni swali alilokuwa akilingoja, na anafurahi limetoka kwa mtu anayestahili kuliuliza. Anaeleza kwamba kwenye taa ya nyumbani, ukibonyeza swichi umeme hupita, na waya ukikatika hakuna kinachotokea. Hapa amegeuza. Umeme mdogo unapita kwenye swichi zote wakati wote, kuliambia boksi kwamba njia ni nyeupe. Daraja likiugusa ulimi, umeme unakatika na mashine inasimama.

"Kwa hiyo ukikatwa na swichi, na panya, au na uzembe wangu mimi, kwa boksi ni habari moja tu. Simama."

"Hayo ni maneno," anasema kaka.

Shangazi Waya anachukua koleo na kumwekea kwenye kiganja cha kushoto.

"Kata."

"We dada!" wifi anashtuka. "Kazi ya miezi yote hiyo?"

"Kata, kaka. Popote unapotaka."

Anawasha mota ya kukata, na karakana nzima inajaa mvumo wake. Kisu kinazunguka juu, mbali na meza. Daraja linaanza safari. Fundi Randa anainama, anaushika waya wa swichi kati ya makali ya koleo, anamtazama dada yake mara moja, anabana.

Daraja linasimama katikati ya meza, mbali na mwisho wowote. Mota inapunguza mvumo, kisu kinapungua mwendo, kinatulia. Sasa hata kuku wa jirani anasikika.

Fundi Randa amebaki ameinama, koleo mkononi. Anapoinuka macho yake yana maji na hajishughulishi kuyaficha.

"Baba," anasema, "angekaa hapa siku nzima anakata waya."

Wote watatu wanacheka, na wifi anatumia ukingo wa khanga kujifuta uso. Dada mtu amevimba kwa fahari mpaka anashindwa kuzungumza, jambo ambalo wifi anasema hajawahi kulishuhudia tangu aolewe.

"Unganisha," kaka anasema hatimaye. "Huyo mnunuzi nitampigia simu mwenyewe, nimwambie tumeghairi."

Dada anapochukua waya na risasi ya kulehemia, Fundi Randa anaenda kwenye ukuta ambako ubao wa mninga umeegemezwa, umegeuzwa uso. Anaugeuza kwa mkono wa kushoto, mkewe akishika upande wa pili. Mfereji ule umeukata kwa mshazari. Anaupapasa mwanzo hadi mwisho, kisha anaomba penseli. Anachora jani dogo ukingoni mwa mfereji, halafu jingine upande wa pili, halafu ua. Kufikia jani la nne, kovu la ubao limekuwa shina la mtambaazi.

Kitanda cha binti ndiyo kazi ya kwanza. Baada ya hapo Shangazi Waya ana mpango wa kuunda mashine ya pili, na tayari ana mteja, mchonga vibao aliyepoteza vidole vya kushoto.

"Yeye kitufe chake kitakaa kulia," anasema. "Safari hii nimeuliza kwanza."

Anamaliza kuuchomelea waya. Fundi umeme yeyote angekificha kiungo hicho ndani ya koti la waya, na yeye amevificha viungo visivyo na idadi katika nyumba za watu. Hiki anakizungushia utepe mwekundu, kwa nje, mahali ambapo kila mgeni atakiona na kuuliza.

"Waulize," anasema, akiukaza utepe kwa kidole gumba. "Nitawaambia hapo ndipo kaka yangu alipokata, mashine ikamsikia."